Dengu si Chakula cha Futari Peke Yake

Mwenye kupita katika maduka ya mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura hukuta magunia yamefunguliwa midomo na kukunjwa hadi nusu: mchele, maharagwe ya rangi mbalimbali, choroko, adesi, na kando yake dengu. Mchele na maharagwe hupungua mbele ya macho. Gunia la dengu hukawia. Mama wa Buyenzi aliyekuja kununua chakula cha juma zima hupimiwa maharagwe yake, na muuzaji akimwuliza, "Na dengu je, mama?" hujibu kwamba Ramadhani ingali mbali. Wengine husema waziwazi kuwa dengu ni chakula cha Wahindi, na wao si Wahindi.

Fikira hiyo ina historia yake. Enzi za utawala wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura, kila jamii ilitengewa mahali pake pa kukaa. Wahindi na Waarabu wenye maduka walikaa Asiatique, na Waswahili na Waafrika wengine walikaa Buyenzi na Bwiza. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, na kwa njia hiyo, kisha kwa meli za Ziwa Tanganyika, bidhaa za pwani ziliingia Usumbura kwa wingi. Mitaa ilitengwa, lakini harufu ya jikoni haina mpaka. Sambusa, pilau, chapati na bajia zilivuka barabara kutoka upande mmja hadi wa pili, na leo hakuna Mrundi wa mjini anayeiona sambusa kuwa chakula cha kigeni. Ajabu ni kwamba dengu yenyewe, iliyo mama wa bajia, ilibaki nyuma dukani.

Jambo hili lingekuwa dogo kama watu wangekuwa na chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanyika Burundi katika miaka ya 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi kuliko kinavyostahili umri wao. Kudumaa si lazima kutokane na tumbo tupu. Mtoto anaweza kushiba muhogo kila siku na bado akadumaa, kwa sababu kilichomshibisha ni wanga mtupu, na maradhi ya kuhara yanayomrudia humnyang'anya hata kile kidogo alichopata. Kwa mtoto kama huyo, swali la nini kinachofuatana na ugali ni swali la maisha yake yote.

Kwanza majina, kwa kuwa huleta mzozo dukani. Nchini Kenya wengi husema ndengu wakimaanisha choroko, zile punje ndogo za kijani. Adesi ni nyingine tena, bapa kama vifungo vidogo. Dengu inayozungumzwa hapa ni ile yenye umbo la duara lisilo kamili, yenye kijidomo kilichochongoka kama mdomo wa ndege. Wasemao Kifaransa huiita pois chiche, na wenye maduka kutoka Bara Hindi huiita chana. Iko ya namna mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya kahawia, yenye ganda gumu lililokunjamana, na ndani yake ni manjano. Hii ndiyo inayokobolewa, kupasuliwa na kusagwa unga. Ya pili ni kubwa, nyeupe ya maziwa, yenye ganda jembamba. Nyeupe hupendeza machoni na bei yake aghalabu huwa juu, lakini mwenye kununua ndogo asidhani amepata mbovu. Ganda lake nene lina makapi mengi zaidi, na makapi hayo ndiyo yanayosaidia tumbo kufanya kazi yake.

Sasa thamani yake. Gramu 100 za dengu kavu zina protini takriban gramu 20, wanga gramu 63, mafuta gramu 6, na makapi gramu 12. Zikipikwa hunywa maji na kuongezeka, kwa hiyo hesabu iliyo ya maana kwa mpishi ni ya kikombe kimoja cha dengu zilizokwisha kuiva. Kikombe hicho kina protini gramu 14 na nusu hivi, madini ya chuma karibu miligramu 5, na foleti takriban mikrogramu 280. Foleti ni vitamini inayohitajiwa sana na mama mjamzito, hasa majuma ya mwanzo ambapo uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kuumbika. Mama huyo huhitaji mikrogramu 600 kwa siku, kwa hiyo kikombe kimoja humfikisha karibu nusu ya njia. Hata hivyo asiache vidonge anavyopewa zahanati. Dengu ni msaidizi wa vidonge, si badala yake.

Je, dengu hushinda maharagwe? La. Yafaa lisemwe wazi, kwa sababu kuna wanaosifu chakula kipya kwa kukitukana cha zamani. Maharagwe yana protini sawa na dengu au kuzidi kidogo, na madini ya chuma mengi vilevile. Mkulima wa Burundi huyalima mwenyewe, ilhali dengu haimo katika mazao yake ya kawaida na huja kutoka nje, na hivyo mara nyingi huwa ghali kuliko maharagwe. Mwenye maharagwe asiyaache. Penye dengu kuna mambo mengine: mafuta yake ni mengi kuliko ya maharagwe, wanga wake huingia katika damu polepole na kwa hiyo humfaa mwenye kisukari, na zaidi ya yote husagika kuwa unga unaoiva kwa dakika chache. Kwa nyumba inayonunua makaa kwa kopo, hili la mwisho lina uzito mkubwa, na litarejewa.

Zaidi ya hayo, chakula kimoja kikirudiwa siku zote huchosha, na mtoto aliyechoka na chakula hula kidogo. Nyumba iliyozoea maharagwe mchana na usiku itafaidika ikiweka dengu mara mbili kwa juma, hata kama ni kwa kubadili ladha tu.

Protini za dengu zina upungufu mmoja ambao nafaka huujaza, nazo nafaka zina upungufu ambao dengu huujaza. Mahindi, mtama, ulezi na mchele vina uhaba wa lisini, ambayo dengu inayo tele. Dengu nayo ina uhaba wa methionini, ambayo nafaka zinayo. Ndiyo maana ugali wa mahindi kwa dengu, au wali kwa dengu, hujenga mwili kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Ugali wa muhogo hauna msaada huo, kwa kuwa muhogo karibu hauna protini kabisa. Palipo na ugali wa muhogo na dengu, kiganja cha dagaa, au ndagala kama wanavyosema watu wa ziwani, kingefaa kutiwa juu yake.

Madini ya chuma yaliyomo katika mbegu hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama. Ndimu iliyokamuliwa juu ya sahani, nyanya mbichi, embe bichi au mboga za majani huyasaidia kuingia. Chai nzito huyazuia. Ile desturi ya kushushia chakula kwa chai ya rangi ingeahirishwa kwa saa moja hivi, hasa kwa mama mjamzito na kwa wasichana waliokwisha vunja ungo.

Ama kuhusu upishi, lalamiko linalosikika mara kwa mara ni kwamba dengu hazitaki kuiva. Wanaolalamika huwa wameziinjika zikiwa kavu. Dengu hulowekwa usiku, kikombe kimoja katika vikombe vitatu au vinne vya maji, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Katika joto la Bujumbura zisizidishwe muda huo bila kubadilishwa maji, maana huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Asubuhi maji ya kulowekea humwagwa, kwani yamechukua sehemu ya vitu viletavyo gesi tumboni, nazo dengu huoshwa na kupikwa katika maji mapya kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Kwa sufuria ya mvuke, dakika 20 hadi 30 hutosha. Kikombe kimoja cha dengu kavu hutoa vikombe viwili na nusu au zaidi kidogo vya dengu zilizoiva.

Mambo matatu huharibu kazi hiyo. La kwanza ni kutia nyanya, ndimu au ukwaju mapema; uchachu hukaza ganda na punje hubaki ngumu hata zikichemka kutwa. Vitu hivyo hutiwa baada ya dengu kulainika. La pili ni kutia magadi kwa wingi. Magadi hulainisha kweli, lakini huua baadhi ya vitamini zilizo na thamani na huacha ladha ya sabuni. Ikiwa hapana budi, chembe ya kushika kwa vidole viwili yatosha. La tatu ni dengu zilizokaa ghalani miaka, ambazo hakuna ujuzi wa jikoni utakaozilainisha vizuri. Na watu wa milimani, kama wa Muramvya au Bururi, wasishangae wakiona dengu zao zinachelewa kuliko za ndugu zao wa Bujumbura. Kule juu maji huchemka kabla ya kufikia joto la maji ya pwani ya ziwa, na kwa hiyo muda wa kupika hurefuka.

Mwenye kuogopa gharama ya makaa ana njia tatu. Anaweza kupika dengu za siku mbili kwa moto mmoja. Anaweza kununua zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo huiva kwa dakika 40 hivi au chini yake zikilowekwa kidogo. Au anaweza kutumia unga. Unga wa dengu hauli makaa hata kidogo ukilinganishwa na punje, nao ndio unaostahili kujulikana zaidi katika nyumba za Buyenzi na Bwiza, ambako kwa sasa wengi huufahamu kwa bajia tu.

Chapati ya unga wa dengu hupikwa hivi. Kikombe kimoja cha unga hukorogwa na maji robo tatu ya kikombe, yakitiwa kidogokidogo ili madonge yasitokee, mpaka upatikane uji usio mzito. Hutiwa chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogovidogo, manjano kidogo, kotmiri, na pilipili kwa wanaoipenda. Uachwe upumzike kwa robo saa. Kikaango hupakwa mafuta kijiko kimoja, uji humiminwa na kutandazwa, na upande ukikauka hugeuzwa. Kila chapati huchukua dakika nne au tano. Mtoto aendaye shule akila chapati mbili na ndizi moja amepata kifungua kinywa kinachoshinda andazi na chai. Unga huu usionjwe ukiwa mbichi. Una uchungu, na tumbo haliupendi mpaka upate moto.

Kwa dengu nzima, mapishi ya pwani yanajulikana: dengu za nazi, ambazo huko Zanzibar na Mombasa huliwa kwa wali au chapati. Nazi si rahisi kupatikana Bujumbura kwa bei ya kawaida, na hakuna sababu ya kuifuata. Mawese ya Rumonge yapo. Kitunguu hukaangwa katika vijiko viwili vya mawese mekundu bila kuyaunguza, hutiwa kitunguu saumu, kisha dengu zilizoiva vikombe vitatu pamoja na maji yake kidogo. Zikichemka pamoja dakika kumi hutiwa nyanya mbili na fungu la lengalenga lililooshwa na kukatwa. Dakika tano baadaye chungu huepuliwa. Wekundu wa mawese huleta vitamini A ambayo dengu haina kwa kiasi cha maana, na majani huongeza nyingine. Pishi hili halimo katika vitabu vya Wahindi wala vya Waswahili wa pwani, lakini ugali hauliulizi asili yake.

Katika nyumba za Kihindi za Afrika Mashariki, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam na Bujumbura, kuna chakula kiitwacho chana bateta, maana yake dengu na viazi. Kwa watu sita hutumiwa vikombe viwili vya dengu zilizoiva na viazi mbatata vinne vilivyochemshwa na kukatwa. Haradali kijiko kidogo hupasuliwa katika mafuta ya moto, hutiwa manjano na pilipili, kisha dengu, viazi na maji vikombe viwili. Ukwaju kiasi cha ngumi hulowekwa, hukamuliwa na kuchujwa, na maji yake hutiwa mwishoni pamoja na kijiko kikubwa cha unga wa dengu uliokorogwa, ili mchuzi ushike. Juu hunyunyiziwa kitunguu kibichi na kotmiri. Ni jamaa wa urojo wa Zanzibar, ambao nao huchukua bajia za dengu katika mchuzi wa manjano wenye uchachu. Huko Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki huzungumza Kiswahili mpaka leo, dengu zilizochemshwa kwa pilipili na ndimu huuzwa njiani zikiitwa dango, na hupendwa mwezi wa Ramadhani. Yaonekana futari imeishika dengu katika nchi nyingi, si Buyenzi tu.

Bajia zenyewe hazilaumiwi. Ila bajia iliyozama katika mafuta hubeba mafuta mengi, na yale mafuta meusi yaliyokaangiwa siku nne mfululizo hayafai kwa mtu yeyote. Mwenye kula bajia mbili kwa siku asihesabu kuwa amekula dengu za kutosha. Amekula mafuta yenye unga wa dengu.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, dengu huingia kwa njia ya uji. Dengu safi hukaangwa kavu katika chungu mpaka zinukie, huondolewa maganda kwa kupepeta, kisha husagwa. Sehemu moja ya unga huo huchanganywa na sehemu tatu za unga wa mahindi, mtama au ulezi, na uji hupikwa mpaka uive sawasawa, ukitiwa kijiko kidogo cha mafuta. Aanziwe kwa vijiko vichache huku akitazamwa, naye aendelee kunyonya mpaka afikishe miaka miwili au zaidi. Jambo moja la kukatazwa kabisa ni kumpa mtoto mdogo dengu nzima za kukaanga atafune. Punje ngumu ya duara huteleza kooni na kuziba pumzi. Watoto walio chini ya miaka mitano wapewe zilizopondwa.

Dengu hizi hutoka wapi? Wengi hujibu India, na ni kweli kwamba India huzalisha sehemu kubwa kuliko nchi nyingine zote, na katika Afrika Ethiopia ndiyo ya kwanza. Lakini jirani wa karibu mno ni Tanzania. Wakulima wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza hupanda dengu katika udongo mweusi wa mbuga mvua zinapokaribia kwisha, na zao hukua kwa unyevu uliobaki ardhini, bila mvua ya kutegemea. Mizizi yake huirudishia ardhi naitrojeni. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilitoa mbegu bora mwaka 2011, zikiwamo zile zilizopewa majina ya Ukiriguru 1 na Mwangaza.

Sehemu kubwa ya mavuno hayo hupelekwa bandari ya Dar es Salaam na kuvuka bahari. Wakulima wenyewe hawakuzoea kuzila sana. Walizilima kwa ajili ya soko. Mwezi Machi 2018 India ilipandisha ushuru wa dengu za kutoka nje hadi asilimia 60 ili kuwalinda wakulima wake, na bei ikaporomoka katika vijiji vya Kanda ya Ziwa. Wakati huohuo, barabara itokayo Shinyanga kupitia Kahama hadi mpaka wa Kobero na kuingia Burundi ni fupi kuliko ile iendayo Dar es Salaam. Soko lililo mlangoni halikuwa tayari kuzipokea, kwa kuwa watu wake walikuwa wakizingoja futari.

Mnunuzi wa Asiatique achague punje zenye rangi moja na zisizo na vitundu. Kitundu ni dalili kwamba zimebunguliwa, na unga mwepesi chini ya gunia husema vivyo hivyo. Nyumbani zikaushwe juani siku moja, zipoe, kisha zitiwe katika kopo au dumu kavu lenye kifuniko cha kubana. Unga hauvumilii kukaa kama punje, kwa sababu mafuta yake huchacha. Anunue wa kutosha mwezi mmoja, au apeleke dengu zake mwenyewe mashineni zikasagwe, ambapo atakuwa na hakika kwamba hazikuchanganywa na unga wa mahindi.